Bati Ishirini

Umaskini una mambo mengi, lakini kitu kimoja hauna: hauna cheti. Ukizaliwa unapewa cheti, ukimaliza shule unapewa cheti, ukifunga ndoa cheti, na ukifa, kama ndugu zako wana moyo wa kufunga safari mpaka wilayani, cheti kipo. Lakini maskini hapewi karatasi ya umaskini wake mpaka siku anapoomba kusaidiwa. Siku hiyo ndipo anapoambiwa ailete, tena iwe na muhuri.

Haya nayajua kwa sababu ndiyo yanayonilisha. Nafanya kazi kwenye kibanda cha steshenari hapa Nyasho, Musoma mjini. Tunachapa barua, tunatoa fotokopi, tunapiga picha za pasipoti, tunawajazia fomu za mtandaoni wale wasioweza kujaza wenyewe. Usiku nikishafunga, naandika riwaya yangu kwenye kaunta buku, na sasa nimefika sura ya 9. Mchana naandika riwaya za watu wengine. Naziita riwaya kwa sababu kila barua ya kuomba kusomeshwa ina mhusika mkuu, ina mkasa, na mwisho wake unategemea huruma ya mtu ambaye mwombaji hajawahi kumwona.

Foleni yetu ina misimu miwili. Msimu wa kwanza ni mwishoni mwa mwaka, matokeo ya darasa la saba yakishatoka, wazazi wanapotafuta nafasi na msaada wa ada katika shule za binafsi. Msimu wa pili ni katikati ya mwaka, vijana wa kidato cha sita wanapoomba mikopo ya chuo kikuu. Mahitaji yanafanana: barua ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa, picha, cheti cha kuzaliwa, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo.

Kwenye cheti cha kifo ndipo wengi wanapokwama. Kule kwetu mtu akifia nyumbani anazikwa kesho yake, matanga yanakaliwa, watu wanatawanyika kurudi mashambani. Nani atakumbuka kwenda kwa msajili? Miaka 10 inapita, halafu mtoto anaambiwa athibitishe kwamba hana baba. Kaburi lipo, hata mti umeshaota pembeni yake, lakini kaburi halitolewi fotokopi.

Lakini nisiseme upande mmoja tu. Siku moja alikuja bwana mmoja, shati limepigwa pasi, funguo za gari zinaning'inia kidoleni. Akaniambia, "Dada, andika mimi ni mkulima mdogo, nina watoto saba, mvua haikunyesha. Tia chumvi kidogo, wewe si ndiyo fundi?" Nikamwambia barua za namna hiyo huandikwa kwa mkono wa mwenyewe ndiyo zinaaminika, mimi nitamtolea fotokopi tu. Akacheka, akaenda kibanda cha pili. Watu wa aina yake wapo, na fungu la ufadhili siku zote ni dogo kuliko foleni. Kwa hiyo mimi si katika wale wanaosema wafadhili wasipime uwezo wa mtu. Wasipopima, mwenye gari ndiye atakayesomeshewa. Ninachouliza ni hiki: wanapima nini?

Mwaka 2012 nilimaliza darasa la saba katika kijiji kimoja cha upande wa ziwa, wilayani Bunda. Baba alikuwa ameshafariki. Mama yangu ni muuza dagaa. Nilifaulu na nilichaguliwa kwenda sekondari ya kata, ada shilingi 20,000 kwa mwaka. Tatizo halikuwa ada hiyo. Tatizo ni kwamba shule ile wakati ule haikuwa na mwalimu wa fizikia, na wa hisabati alikuwa mmoja kwa madarasa yote. Mama akasema, "Sasa fizikia utafundishwa na nani, na ubao?" Akasikia kwamba kuna shule ya binafsi ya bweni (jina lake naliweka kibindoni) inayosaidia watoto wasiojiweza. Ada yake ilikuwa shilingi 800,000 kwa mwaka. Tukaomba.

Mgeni alikuja kutukagua mwezi Januari. Alikuwa kijana mpole, ametusalimu vizuri, akamwamkia mama shikamoo, akakataa kiti mpaka mama akae. Simlaumu hata leo. Alikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na maswali: nyumba ina vyumba vingapi, kuta za nini, sakafu ya nini, paa la nini. Alipofika kwenye paa akatoka nje, akazunguka nyumba, akahesabu. Bati 20. Akaandika.

Mama alitaka kumweleza habari ya bati zile, lakini kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya habari. Kisa chenyewe ni hiki. Mpaka mwaka 2011 nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na nyasi zilikuwa zinavuja. Dagaa mkavu akinyeshewa ni hasara, hata bata humpi. Mama alipoteza magunia mawili masika moja. Ndipo akaingia kwenye kikoba cha akina mama, akaweka akiba miezi 14, zamu yake ilipofika akanunua bati 20 na misumari. Kwa hiyo paa lile, bwana, halikuwa utajiri. Lilikuwa ghala la biashara, na sisi tulikuwa tunalala chini ya ghala.

Majibu yakaja: familia ina uwezo wa kati, mtoto apewe nusu ya ada. Watu walitupongeza. Nusu si haba, walisema. Mimi mwenyewe nilirukaruka. Mama peke yake ndiye aliyechukua kijiti akaanza kupiga hesabu mchangani.

Hesabu zenyewe nimezirudia mara nyingi baadaye. Nusu ya ada ilikuwa shilingi 400,000. Siku nzuri mama alipata faida ya shilingi 3,000. Lakini dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanakaa pwani kushona nyavu, na mama hana cha kuuza. Tuseme siku 20 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 60,000. Kufikisha 400,000 ni karibu miezi 7 bila kula, bila kuugua, bila kununua hata kiberiti. Na bati je? Fundi mmoja wa kijijini alisema bati zilizotumika angezinunua kwa shilingi 5,000 kila moja. Yaani tungeezua nyumba nzima, tukalala kwenye umande, tungepata 100,000: robo ya ile nusu. Bati zilizotuhesabia uwezo hazikuwa na uwezo huo hata zingeuzwa zote.

Nilisoma hivyo hivyo. Mwaka wa kwanza baba mdogo aliuza ng'ombe wa kulimia. Mwaka wa pili ng'ombe hakuwepo tena, na shamba lililimwa kwa jembe la mkono. Kidato cha pili nilirudishwa nyumbani kufuata ada mara 3. Mwanafunzi aliyerudishwa ada humjua mara moja stendi ya Bunda: amekalia tranka lake, sare imefunikwa kwa kanga, anangoja gari la mwisho kwa sababu lile huwa linapunguza nauli. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016 nikiwa nadaiwa shilingi 150,000. Matokeo yalitoka, majirani wote waliyaona mtandaoni, walijua daraja langu kabla yangu. Lakini cheti chenyewe kilikaa kwenye kabati la shule karibu miaka miwili mpaka deni lilipokwisha. Ufadhili wa nusu ndivyo ulivyo. Unakufikisha katikati ya mto, halafu unakuachia kasia.

Wakati nikingoja cheti hicho ndipo nilipohamia Musoma kwa shangazi, nikaanza kwenda maktaba ya mkoa, maana haina kiingilio cha kutisha na ina kivuli. Nilisoma riwaya, na nilisoma pia habari za elimu, nikitaka kujua jambo hili la kulipiwa na kutolipiwa lilianzia wapi. Kumbe nilikuwa nimekaa katika mji wenyewe.

Mwaka 1934 mtoto mmoja wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, mwenye umri wa miaka 12 hivi, alitoka Butiama akaja kuanza shule Mwisenge, hapa hapa Musoma, umbali wa kilometa 40 hivi. Sote tunamjua mtoto huyo. Baadaye alikwenda Tabora, akaenda Makerere, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa ufadhili, akarudi na shahada yake mwaka 1952. Aliyekuwa amesomeshwa akawa kiongozi wa nchi, na serikali yake mwaka 1964 ikafuta ada katika sekondari za umma. Kisha Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana Musoma, ikatoa lile Azimio la Musoma, kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe na nafasi darasa la kwanza.

Mama yangu ni zao la azimio hilo. Asingejua kusoma wala kuweka daftari la mauzo kama si mkutano ule. Lakini mlango wa msingi ulifunguliwa wote, wa sekondari ukabaki ufa. Darasani kwao walimaliza zaidi ya 40, wakachaguliwa 2, na yeye hakuwa mmojawapo. Nchi nzima ilikuwa hivyo: katika wakati ule, waliopata sekondari ya serikali hawakufika hata mtoto 1 kati ya 10. Wazazi hawakukubali kukaa kimya. Jumuiya ya Wazazi, makanisa, misikiti na wananchi wa wilaya mbalimbali wakajenga shule zao wenyewe za kulipia, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1990 sekondari za binafsi zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Katikati ya miaka ya 1980 ada ilikuwa imesharudi hata katika zile za serikali.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali la leo. Shule ikiwa ya bure, haiulizi mzazi ana nini. Shule ikiwa ya kulipia, ama inamfukuza asiye nacho, ama inatafuta njia ya kumjua. Mpango wa sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata na kushusha ada ya kutwa kufikia zile 20,000. Kuanzia Januari 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita navyo vikafuatia. Ni jambo kubwa, nani asiyeliona? Lakini mzazi akiona shule ya kata ina mwalimu mmoja wa hisabati, na ile ya binafsi ya ng'ambo ya barabara inao wanne, moyo wake unavuka barabara. Ndiyo maana foleni ya kibandani kwetu haijapungua.

Tena kupimwa huku hakuishii sekondari. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005, nayo hupima uwezo wa mwombaji. Kwa kuwa aliyesoma shule ya kulipia huonekana ametoka kwenye nyumba yenye fedha, yule aliyesomeshwa na mfadhili anatakiwa alete uthibitisho wa mfadhili huyo. Ni haki kabisa. Lakini sikiliza yaliyompata mteja wangu mmoja.

Ni kijana wa Butiama. Kutoka kwao mpaka Mwitongo, alikozikwa Mwalimu mwaka 1999, ni mwendo wa miguu. Yeye alisomeshwa ada yote, kidato cha kwanza mpaka cha sita, na mzee mmoja wa Ulaya aliyefahamiana na paroko wa zamani. Alipotaka mkopo wa chuo, paroko alikuwa ameshahamishwa na mzee wa Ulaya ameshafariki. Kijana akawa anakuja kwangu na kurudi, Butiama na Musoma, Musoma na Butiama, nauli kila mara, akitafuta karatasi ya kusema kwamba zile fedha hazikuwa za baba yake. Baba yake nilimwona siku moja. Alikuja amevaa malapa ya tairi, akasimama mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hivi mimi sitoshi kuwa ushahidi?" Sikuwa na jibu. Stakabadhi zilipatikana mwishoni, kwenye faili la zamani parokiani, zikiwa zimebaki siku 3 dirisha kufungwa. Sasa fikiria wale ambao faili lao lililiwa na mchwa.

Nimejaribu kutazama wenzetu wanafanyaje. Kule Kenya, jirani zetu wa kuvuka Sirari, kuna Starehe ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin na wenzake kwa ajili ya watoto wa mitaani na maskini. Wengi wamesoma hapo bila kulipa, na wenye uwezo hulipa kadiri ya uwezo wao. Arusha ipo shule ya St Jude, iliyofunguliwa mwaka 2002 na Gemma Sisia, mwanamke wa Australia, ikiwa na watoto 3. Wao humpa mtoto mtihani, kisha hufika nyumbani kwao kuona hali, na akichukuliwa halipi. Na huko Uingereza, Mfalme Henry wa Sita alianzisha shule ya Eton mwaka 1440 ili watoto 70 maskini wasome bure. Leo ukitaja Eton, watu wanawaza watoto wa mabwanyenye. Nafasi zile 70 bado zipo, lakini kuzunguka hapo shule ni ya wenye nacho. Shule ya maskini isipolindwa, wenye uwezo huinunua polepole.

Vijijini kwetu kuna kipimo kingine, cha TASAF, katika mpango wa kunusuru kaya maskini. Huo huanzia kwenye mkutano wa kijiji, wananchi wenyewe wanataja kaya, ndipo maswali ya fomu yanafuata. Uzuri wake ni kwamba jirani anajua bati za fulani zilitoka kwenye kikoba. Ubaya wake ni kwamba unatajwa mbele za watu, na wapo wanawake wanaokaa kimya wasitajwe, kwa sababu kesho yake wana mabinti wa kuolewa na mikopo ya kukopa dukani. Aibu nayo ina gharama. Kila kipimo kina watu kinaowaacha nje, na mara nyingi wanaoachwa ni wale waliojitahidi kuuficha umaskini wao kwa usafi.

Mwaka jana jambo hili limeturudia nyumbani. Mdogo wangu wa mwisho alimaliza darasa la saba, akafaulu vizuri sana kunishinda mimi. Shule nyingine ya binafsi, si ile yangu, ikasema ina nafasi chache za kusomesha bure baada ya kukagua familia. Habari ziliposikika, mama mkubwa alifika asubuhi na ushauri kamili: kochi litolewe lipelekwe kwa jirani, sola ishushwe, mbuzi 4 wapelekwe kwa mjomba, na mtoto asivae viatu siku hiyo. "Mwenzio mwaka ule ulijifanya mwaminifu," alimwambia mama, "ukapewa nusu. Safari hii tumia akili."

Msomaji, mimi nilikuwapo. Na nakwambia ushauri ule haukuwa wa kijinga. Mimi ninayechapa barua hizi najua kwamba kochi moja linaweza kumgharimu mtoto miaka 4 ya shule. Nilimtazama mama, sikusema neno.

Mama akasema, "Dada, nyumba yangu siivui nguo kwa ajili ya mgeni. Miaka yote nimefagia uwanja huu ili watu wasinihurumie. Leo niuchafue ili nihurumiwe? Umaskini upo, autafute. Lakini siutandiki mlangoni kama mkeka."

"Na mtoto je?" mama mkubwa akauliza.

Mama hakujibu mara moja. Niliona swali limemfika. Aliinuka akaingia ndani, akatoka na madaftari yake matatu, yale ya mauzo ya dagaa na ya kikoba, yana miaka 5 ndani yake. Siku za giza zimeandikwa mauzo, siku za mwezi zimeandikwa "hakuna". Akayaweka juu ya meza, akaweka na jiwe juu yake upepo usifunue. "Akija atayasoma haya," akasema.

Mgeni safari hii alikuwa mama wa makamo. Alihesabu bati, kama kawaida. Zilikuwa 20 zile zile, sasa zina kutu. Halafu mama akamsogezea madaftari. Yule mama alivaa miwani akafungua, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, akauliza "hakuna" maana yake nini, akaelezwa habari ya mwezi na taa. Alikaa na madaftari yale muda mrefu kuliko alivyokaa na paa. Alipoondoka hakuahidi kitu.

Majibu mpaka ninapoandika haya hayajatoka. Mdogo wangu ameanza sekondari ya kata, anatembea asubuhi na wenzake, na mwalimu wa fizikia sasa yupo. Huenda atasaidiwa, huenda hatasaidiwa. Lakini madaftari yale yamenifundisha kitu ambacho sikukipata maktaba: fomu ya mwaka 2013 ilituuliza tuna nini, na haikutuuliza tukilipa tutabaki na nini. Maswali hayo mawili yanafanana kwa mbali tu. Mwenye bati 20 na mshahara atalipa ada na bati zake zitabaki. Mwenye bati 20 na dagaa atalipa ada kwa ng'ombe wa kulimia, na mwaka unaofuata njaa itakuja kudai chenji.

Basi tangu msimu uliopita nimeanza jambo dogo pale kibandani. Kila anayekuja kuchapa barua ya kuombea mtoto ada, namchapia ukurasa wa ziada bila malipo, akiutaka. Una maswali matatu. La kwanza: mwezi mzuri kinaingia kiasi gani, na mwezi mbaya kiasi gani? La pili: ukilipa ada hii, utauza nini? La tatu: ukishakiuza, mwaka wa pili utauza nini? Wengi swali la kwanza wanalijibu haraka. La pili wanafikiri. La tatu wananyamaza, halafu wananiambia, "Dada, hapo acha wazi." Naacha wazi. Mfadhili mwenye macho atauona ule uwazi.

Kwenu mnaosomesha watoto wa watu, mlioko Musoma, Bunda, Dar es Salaam au ng'ambo, kwanza ahsanteni, maana bila nusu ile nisingekuwa naandika haya. Lakini kama fungu ni la watoto 10 nusu nusu, mimi ningewaomba mchukue watoto 5 mwafikishe mwisho, kwa sababu nusu ya pili ya ada hailipwi na mtoto, inalipwa na shamba, na na wadogo zake watakaokosa zamu yao. Na mkitoa ahadi, iwekeni kwenye karatasi, nakala moja abaki nayo mzazi, maana iko siku mtaondoka na mtoto ataulizwa nani alimsomesha. Mkija kutukagua, karibuni, hesabuni bati. Mkimaliza, kaeni kidogo, muulizeni mama mwenye nyumba kama ana daftari.